Makiso: sukari ya duka si heshima, na asali ya chupa si dawa

KISANGANI – Asubuhi na mapema, kando ya soko kuu la Makiso, mama anauza uji kwa kopo. Mteja hajaonja bado, tayari anaomba aongezewe sukari. Mama anaongeza, kwani asipoongeza, mteja ataenda kwa jirani. Hatua chache kutoka hapo, mama mwingine amepanga chini ndizi za bitabe ambazo ngozi yake imeanza kuwa nyeusi. Zilifika jana kwa toleka, kwa barabara ya zamani ya Buta. Zisiponunuliwa leo, kesho zitatupwa kwa mbuzi. Ndizi hizo ni tamu kuliko siku zote, na ndiyo siku watu wanazipita bila kuuliza bei.

Hili ni jambo ambalo Kisangani inapaswa kulitazama bila kuoneana haya. Kila sukari inapopanda bei, watu wanalalamika, na wana haki ya kulalamika. Lakini ni wachache wanaouliza kwa nini sufuria ya uji katikati ya msitu wa Tshopo ingojee mfuko wa sukari uliovuka mipaka. Na kwa familia zilizokimbia vita na kupanga maisha upya mjini, swali hili linagusa feza ya kila siku na afya ya watoto.

Njia ndefu ya kijiko kimoja

Sukari inayouzwa Makiso ina njia mbili kubwa. Ya kwanza ni mto. Kutoka Kinshasa hadi Kisangani kuna zaidi ya kilometa 1,700, na mashua hupanda kwa majuma mengi. Ya pili ni barabara namba 4, ile inayotoka upande wa Uganda, kupitia Komanda, Mambasa, Niania na Bafwasende. Kila msikilizaji anajua hali ya barabara hiyo: matope wakati wa mvua, vizuizi visivyo na hesabu, na mashambulizi ya waasi upande wa Ituri. Gari likikwama siku kumi, mlipaji ni mama anayenunua sukari kwa sashe.

Kongo si nchi isiyojua kutengeneza sukari. Kwilu-Ngongo, huko Kongo Central, kiwanda kilianza mwaka 1925. Kiliba, kando ya Uvira, kiwanda kilisimama wakati vita vya 1996 vilipoingia katika bonde la Ruzizi. Hapa Tshopo penyewe, upande wa Yangambi, kuna Lotokila, kiwanda kilichojengwa wakati wa Zaire kwa ushirikiano na China, ambacho mashine zake zilinyamaza miaka na miaka. Kila mara wanasiasa wanapokuja kuomba kura, viwanda hivi vinafufuka katika hotuba. Baada ya kura vinalala tena.

Basi wakaaji wa Makiso wasifanye chakula cha watoto wao kitegemee ahadi hizo. Kiwanda kikifufuka, vizuri. Kisipofufuka, watoto watakula nini? Na hata kikifufuka, mfuko wa sukari wa Lotokila hautakuwa bora kwa meno na damu ya mtoto kuliko mfuko wa Uganda.

Heshima ya uwongo

Kuna fikra moja ambayo inafaa kupigwa vita waziwazi. Ni ile inayosema kwamba uji bila sukari ni uji wa maskini, kwamba chai yenye vijiko viwili ni ya ubahili, kwamba mgeni akipewa kiazi kitamu badala ya mkate na chai ya sukari nyingi amedharauliwa. Fikra hii inaumiza zaidi wale waliokimbia. Mama aliyepoteza nyumba na shamba hataki aonekane amepoteza na heshima. Anatoa feza ya mwisho ya siku kununua sashe ya sukari ili watoto wake wasichekwe na watoto wa jirani.

Hesabu ifanyike. Kijiko kidogo cha sukari kina gramu 4 hivi. Familia ya watu 8, kila mmoja akitumia vijiko 4 kwa siku, viwili katika chai na viwili katika uji, inamaliza gramu 128 kwa siku. Kwa mwezi ni karibu kilo 4. Ikipunguza nusu tu, inabakiza bei ya karibu kilo 2 kila mwezi. Feza hiyo ni maharagi, ni samaki, ni daftari la shule.

Na mwili hautapoteza kitu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa isipite asilimia 10 ya nguvu ambayo mtu anapata kwa chakula cha siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima hiyo asilimia 5 ni gramu 25 hivi, yaani vijiko vidogo 6. Chupa ndogo ya kinywaji cha gesi peke yake inaweza kubeba vijiko 8 au zaidi. Kijana anayekunywa chupa mbili kwa sherehe amepita kipimo cha siku mara mbili na zaidi, kabla hata ya kula keki.

Asali ya chupa: uwongo wa upande wa pili

Lakini kuna wengine waliokimbia uwongo mmoja na kuingia katika mwingine. Hao ndio wanaotembeza chupa za asali mjini wakisema inaponyesha ugonjwa wa sukari, kwamba kitu cha asili hakiumizi, kwamba mgonjwa anaweza kuacha dawa za muganga akakunywa asali asubuhi na jioni. Maneno haya yanaua, na wanaoyasema wanapata faida.

Asali ni chakula kizuri. Watu wa msitu wa Ituri, Wambuti, wanaijua kuliko mtaalamu yeyote wa mjini: ya nyuki wakubwa na ya nyuki wadogo wasiouma, msimu wake na mti wake. Hakuna anayeidharau asali. Ila katika gramu 100 za asali, gramu 80 hivi ni sukari. Inapandisha sukari ya damu, sawa na ile ya duka. OMS inaihesabu asali, maji ya matunda na maji ya miwa yaliyokamuliwa katika kundi moja na sukari ya kuongezwa. Sukari ya rangi ya kahawia nayo ni sukari ileile iliyobaki na masalio kidogo. Hata sukari guru ya Kenya na Uganda, ile ya mabonge inayotokana na maji ya miwa yaliyochemshwa, ni sukari kwa sehemu kubwa. Anayebadilisha kijiko cha sukari kwa kijiko cha asali amebadilisha ladha na bei. Afya yake imebaki palepale.

Kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, asali isiguse kinywa kabisa. Inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kupooza tumboni mwa mtoto mchanga. Bibi anayempakaza mjukuu asali kwenye ulimi anafanya kwa upendo, lakini inafaa aambiwe kwa heshima aache.

Kwa mwenye ugonjwa wa sukari, hakuna jani, mzizi wala chupa ya sokoni inayochukua nafasi ya dawa alizoandikiwa. Kupunguza utamu kutamsaidia. Kuacha dawa kutamlaza.

Utamu uliopo tayari nyumbani

Basi ni nini cha kushika? Jibu ni tunda zima na mzizi. Utamu wa ndizi, papayi, embe au kiazi umefungwa pamoja na maji na nyuzi za tunda. Mtu anashiba kabla ya kupita kiasi, na sukari yake inaingia katika damu polepole kuliko ile ya kijiko. Tunda zima OMS haikulihesabu katika kile kipimo.

Makemba yanafundisha vizuri. Likemba bichi ni wanga. Kadiri linavyoiva, wanga huo unageuka kuwa sukari, ndiyo sababu likemba lenye ngozi nyeusi ni tamu na lile la kijani si tamu. Mama anayetupa makemba meusi anatupa sukari aliyokwisha kuilipia. Hayo ndiyo ya kuponda ndani ya uji.

Kwa uji wa mahindi, au wa mahindi na soya, ndizi mbili zilizoiva sana zinapondwa kwa uma, zinatiwa katika sufuria uji ukikaribia kuiva, zinachemka dakika chache. Papayi iliyoiva inafanya kazi hiyohiyo. Sufuria ya watu wanne haitahitaji sukari, au itahitaji kijiko kimoja badala ya nane.

Kwa mikate ya kukaanga, ile inayouzwa kila kona ya Makiso, ndizi zilizoiva zinapondwa na kuchanganywa na unga. Wengine wanaogopa kwamba chachu haitapanda bila sukari. Itapanda, kwa kuwa inakula sukari ya ndizi na wanga wa unga. Uganda kabalagala inapikwa kwa ndizi ndogo tamu na unga wa muhogo, inakaangwa, na watoto wanaigombania. Muhogo na ndizi ni vitu ambavyo Tshopo inavyo hadi kuvitupa. Mwenye kuuza mikate akijaribu hivyo, anapunguza unga wa ngano na sukari kwa mara moja, vitu viwili vinavyokula faida yake.

Kiazi kitamu nacho kina siri yake. Kikitiwa katika maji yanayochemka tayari, kinaiva haraka na utamu wake ni mdogo. Kikianza katika maji baridi juu ya moto mdogo, au kikifukiwa katika majivu ya babula baada ya chakula cha jioni, wanga wake unapata muda wa kugeuka kuwa sukari. Majivu hayo yamekwisha kulipiwa, hakuna makala ya kuongeza. Asubuhi kiazi hicho na chai isiyo na sukari vinapatana. Kile chenye nyama ya rangi ya machungwa kinampa mtoto na vitamini A juu yake.

Kwa tangawisi, kinywaji ambacho vijana wanauza katika chupa za plastiki, maganda ya nanasi yaliyooshwa vizuri yanachemshwa pamoja na tangawisi yenyewe. Yanatoa harufu na utamu kiasi, na sukari ya kutia inapungua. Nyama ya nanasi inaliwa.

Ujuzi ulioingia katika lotoko

Kuna utamu mwingine ambao wamama wa Kisangani wanaujua vizuri sana, ila wanautumia kutengeneza pombe. Mahindi yanayochipua yana nguvu ya kuvunja wanga na kuugeuza kuwa sukari. Kila anayetengeneza lotoko anaijua kazi hiyo. Tanzania, katika miaka ya 1980, wataalamu wa lishe walihimiza unga wa namna hiyo, unaoitwa kimea, kwa uji wa watoto.

Kazi yake ni nyepesi. Mahindi masafi yanalowekwa siku moja, yanafunikwa katika majani ya mgomba yenye unyevu hadi yachipue, siku mbili au tatu. Yanaanikwa kwa jua kali hadi yakauke, machipukizi yanasuguliwa na kuondolewa, mahindi yanatwangwa. Yenye ukungu yanatupwa bila huruma. Uji mzito ukishaiva unaondolewa motoni, unaachwa upoe kidogo, kijiko cha kimea kinakorogwa ndani. Baada ya dakika chache uji unakuwa laini na mtamu kidogo. Kisha unarudishwa motoni uchemke tena, kwa usafi. Mtoto mwenye tumbo dogo anapata chakula kingi zaidi katika kopo lilelile, kwa sababu uji haukuongezewa maji ili uwe mwepesi. Ujuzi unaolewesha baba unaweza kulisha mtoto.

Mabishano ya kweli

Wapo wanaojibu kwamba sukari inampa mtoto mwenye njaa nguvu. Ni kweli, inampa. Lakini gramu moja ya sukari inatoa kalori 4, na gramu moja ya mafuta inatoa 9. Kijiko cha mawese katika uji wa mtoto kinampa nguvu zaidi ya mara mbili, na rangi yake nyekundu inaleta vitamini A, kitu ambacho sukari nyeupe haina. Karanga zilizosagwa zinaongeza na nguvu ya kujenga mwili. Mahali ambapo feza inatosha kwa kitu kimoja tu, kitu hicho kiwe mawese au karanga. Na mtoto aliyekonda sana, au aliyevimba miguu, apelekwe sentre ya afya siku hiyohiyo. Chakula cha kumtibu kina vipimo vyake, si jambo la kubahatisha jikoni.

Wengine wanasema matunda nayo yana bei. Ni kweli pia, na kuna miezi ambapo ndizi zinapanda. Lakini zile zilizoiva sana, ambazo muuzaji anaogopa kulala nazo, zinapatikana kwa bei ndogo jioni soko likifunga. Hizo ndizo zinazofaa kwa uji. Na siku zinapokosekana, dawa ni kupunguza sukari polepole, nusu kijiko kila juma. Ulimi unazoea. Baada ya mwezi, chai ya zamani itaonekana tamu kupita kiasi.

Jambo moja lisichanganywe. Nyumba isikose kabisa sukari kidogo na chumvi, kwa ajili ya kuhara. Mwaka 2025 kipindupindu kilipiga Tshopo, na watu wanakumbuka. Paketi ya maji ya chumvi na sukari ya sentre ya afya ikikosekana, litri moja ya maji safi inatiwa vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, mgonjwa ananyweshwa kidogo kidogo akipelekwa kwa waganga. Hapo sukari inaokoa maisha, kwa kuwa inasaidia utumbo kunyonya maji na chumvi. Vipimo hivyo visibadilishwe, na asali isichukue nafasi yake. Kopo la sukari lililofichwa kwa kazi hiyo ni la maana kuliko kilo nne zilizomalizika katika chai.

Migomba iliyobaki ng'ambo

Sasa ukweli mchungu zaidi. Mwaka 2023, vita vya ardhi kati ya Wambole na Walengola viliwaka Lubunga, ng'ambo ya mto. Maelfu ya watu walivuka na kutafuta hifadhi upande wa pili. Wengi walikuwa wakulima. Wao ndio waliokuwa wakiileta Makiso ndizi, muhogo na makemba kwa mtumbwi. Migomba haikungoja amani ili izae. Ilizaa, mikungu ikaiva, ndege na wezi wakala, na wenye mashamba wakasimama kwenye mistari ya msaada wakisubiri unga na chumvi.

Kumwambia mama huyo apike kwa ndizi badala ya sukari, bila kusema neno juu ya shamba lake, ni kumdhihaki. Mtu aliyekuwa akiuza mikungu hapaswi kufundishwa faida ya ndizi. Anachokosa ni udongo wa kuipanda na usalama wa kuivuna.

Kwa hiyo mabishano haya hayaishi jikoni. Viongozi wa jimbo na wa mji wanaombwa mambo yanayowezekana. Kwanza, familia zilizokimbia zipewe viwanja vya kulima karibu na mahali zinapoishi, hata kwa muda, kwa mapatano yaliyoandikwa ili mwenye ardhi na mlimaji wasije wakagombana. Kiazi kitamu kinavunwa baada ya miezi minne hivi. Mgomba unahitaji karibu mwaka, na huo si muda mrefu kwa watu waliokwisha kungoja zaidi. Pili, wapewe machipukizi masafi. Ugonjwa unaosonganisha majani juu ya mgomba na kuuzuia kutoa mkungu unajulikana upande wa Yangambi tangu miaka ya 1950, na unaenea kwa machipukizi yanayogawanywa bila kuchunguzwa. Yangambi kuna kituo cha utafiti wa kilimo tangu 1933. Kazi yake ionekane katika mashamba ya wamama. Tatu, vizuizi vinavyomtoza mama wa ndizi feza kila kilometa chache viondolewe. Mfuko wa sukari wa tajiri unapita na makaratasi. Mkungu wa maskini unatozwa kila mahali.

Na mashirika yanayogawa chakula yaulizwe kwa nini feza yao isinunue makemba na mawese ya wakulima wa Isangi, Opala na Ubundu, badala ya kuleta kila kitu kutoka mbali.

Wakati wakubwa wanafikiri, kuna kazi ndogo ya jioni ya leo. Soko likikaribia kufunga, yule mama wa bitabe bado atakuwa amekaa na mafungu mawili au matatu yenye ngozi nyeusi. Anayepita asimpite bila kuuliza bei. Kesho asubuhi uji utakuwa mtamu, na kopo la sukari litabaki kwenye rafu, likingoja siku ya ugonjwa ambayo hakuna anayeiombea ifike.